Vifuniko Vinane vya Injini

Nimeshona viti vya magari mjini Machakos kwa zaidi ya miaka ishirini, na mgongo wangu hauniruhusu kusahau hata mmoja. Kazi yenyewe ni kuinama. Unaingiza nusu ya mwili ndani ya gari la mtu, unalala ubavu juu ya reli za kiti, unatafuta bolti ambayo haijaguswa tangu gari litoke Japani, na ukiipata imeshika kutu. Unatoa kiti, unakivua, unakuta chini yake maganda ya njugu, kalamu za watoto, risiti zilizofutika, na siku moja nilikuta jino la mtu. Halafu unakata kitambaa, unashona, unarudisha. Watu huniita mama wa viti. Sikuwahi kuwa fundi wa injini, na ningebaki hapo hapo kama si mambo ya maombi.

Huku kwetu gari haliletwi nyumbani kimyakimya. Hata liwe limeendeshwa na watu wengine miaka kumi na mitano, siku unayolileta wewe ni jipya, na lazima liombewe. Mchungaji au mzee wa kanisa anakuja, akina mama wanaimba, milango yote inafunguliwa, na buti, na mwisho kabisa boneti. Mkono unawekwa juu ya injini na kila aliyekuja ananyoosha shingo. Watu ambao hawajui tofauti ya betri na rejeta wanasimama pale wakikagua kama wanunuzi wa ng'ombe. Sasa, kuna magari ambayo injini yake imefunikwa kwa plastiki nyeusi, safi, yenye maandishi ya fedha. Na kuna magari kama Probox, ambayo yamejaa Ukambani kote, ambayo injini yake ni ileile ya ndugu zake wa bei ya juu lakini mengi hayana kifuniko. Unafungua boneti, unakuta nyaya na mipira na vumbi. Watu wakaanza kusema injini iko uchi.

Sijui ni nani wa kwanza kuona haya kwa niaba ya injini. Ninachojua ni kwamba aliyenifikia mimi kwanza alikuwa muuza mayai wa hapa mjini, kijana mwenye maneno mengi. Alikuwa amenunua kifuniko cha Fielder, mmoja wa wale ndugu wa bei ya juu, kwenye vibanda vya spea kuukuu kule Nairobi, akakileta kimefungwa kwenye gazeti kama nyama. Kwanza alikuwa amempelekea jirani yangu wa uwanja, mzee makanika ambaye tumetumia paa moja la mabati kwa miaka kumi na mmoja bila kugombana zaidi ya mara mbili. Makanika alikitazama akakirudisha kwenye gazeti lake. "Hiyo ni mapambo," akasema. "Pelekea mama wa viti."

Nilikasirika kidogo, kisha nikakipokea. Kazi ya viti ilikuwa haba mwezi ule na sikuwa na la kufanya.

Injini inaweza kuwa ileile lakini kifuniko kikakataa. Kile cha Fielder kina vipira vinne kwa chini ambavyo vinapaswa kukamata vijiti vinne vya chuma juu ya injini. Kwenye Probox aliyoniletea, vijiti havikuwapo. Mahali pa kuvifungia palikuwapo pawili, na pale pengine pawili palikuwa na mabano ya nyaya. Basi nikafanya ninavyojua. Nilichukua katoni, nikaikata patani, yaani kipimo, kama ninavyokata ya kiti, nikaiweka juu ya injini, nikatia alama kila kilichochomoza. Nikatafuta bolti ndefu. Nikakata washa za mpira kwenye tyubu ya baiskeli. Ukingo uliogonga kijiti cha kupimia oili nikaupasha kwa pasi ya makaa mpaka plastiki ikalegea, nikaukunja kwa vidole vilivyofungwa kitambaa. Nilitumia siku mbili. Mwisho kikakaa, na nikiri kwamba kilipendeza. Muuza mayai alifungua na kufunga boneti kama mara sita hivi.

Wiki iliyofuata alirudi. Mjini kilikuwa kimya, lakini akiacha lami tu kwenda kuchukua mayai mashambani, kifuniko kinacheza na kugonga ka-ka-ka mpaka kichwa kinauma. "Mwaitu, hii kitu inaongea," akaniambia. Mwaitu ni mama, na hivyo ndivyo vijana wa kwetu wanavyotuita tukishaota mvi. "Nyamazisha yeye kidogo."

Na mimi, mtu wa viti, nikasikia kelele na nikajua dawa yake. Kitu kinachogongana na kitu, katikati unatia sponji. Kiti kikilia unatia sponji, mlango ukitetemeka unatia sponji. Chini ya kifuniko palikuwa na mabaki ya sponji ya kiwandani, nyeusi, ngumu, inayomomonyoka. Niliikwangua yote na kuitupa. Nikakata sponji yangu safi ya godoro, nikaibandika kwa gundi ya viatu, nikakikandamiza. Kikanyamaza kabisa. Hakuna fundi wa injini ambaye angefanya kosa hilo, na hakuna fundi wa viti ambaye asingelifanya. Nilijisifu moyoni siku nzima.

Habari zikaenea, maana muuza mayai ana wateja wengi na mdomo wa kutosha. Wakaja. Mmoja alitoka Syokimau, kijana wa ofisini. Mwingine mfanyabiashara wa mbuzi wa hapa mjini, Msomali, ambaye hata hana haja ya kufunguliwa boneti na mchungaji yeyote lakini aliona cha mwenzake akakipenda. Kila mmoja nilimkatia patani yake ya katoni, nikaandika nambari ya gari na mwenyewe, nikaitundika kwenye msumari ukutani. Patani zilikuwa nane nilipokamilisha ya mwisho.

Ya nane ilikuwa ya kaka yangu.

Huyu ndiye mzaliwa wetu wa kwanza, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Masii na ni mzee wa kanisa. Ni mtu mwema, lakini ana namna yake. Nilipoacha kuuza nguo nikaanza kushona viti, alinyamaza. Watu wakiuliza kwenye mikutano ya ukoo, alikuwa akisema, "Huyu wetu yuko Machakos, anafanya biashara." Biashara gani, hakusema. Mwanamke kulala chini ya viti vya wanaume, miguu nje, kwake lilikuwa jambo la kufunikwa. Hakuwahi kunitukana. Ila kwa miaka yote ile hakuwahi kukanyaga uwanja wangu, na mimi niliumia, na sikumwambia.

Alipostaafu alinunua Probox nyeupe. Anaishi na mkewe na wajukuu wawili wa kike, mkubwa wa darasa la tatu na mdogo wa chekechea, maana mama yao anafanya kazi mbali. Kila asubuhi babu anawapeleka shule, kila alasiri anawachukua. Siku moja nikiwa chini ya kiti nikaona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vimesimama kwenye vumbi langu. Vilikuwa vyake.

"Mwanaa mwaitu," akasema. Mtoto wa mama yetu. Hakuwa ameniita hivyo tangu tumzike mama. "Nisaidie. Jumapili hii wanakuja kuombea gari, na nimesikia uko na kazi fulani unafanya."

Sikumwacha anunue chochote. Nilitafuta kifuniko mwenyewe, nikakisugua kwa sabuni na mswaki mpaka maandishi yakaonekana kama ya jana. Nikakata, nikapasha, nikakunja. Na kwa kuwa njia ya kwake imejaa mawe, na kwa kuwa alikuwa kaka yangu, sikumtilia safu moja ya sponji. Nilimtilia mbili, ile nzito ninayowawekea wenye matatizo ya mgongo.

Alipokuja kulichukua gari, nilimfungulia boneti. Alisimama mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama kukagua foleni ya asubuhi shuleni. Akapitisha kiganja juu ya kifuniko. "Hii," akasema, "ni kazi ya mtu amesoma."

Niliachia shule kidato cha pili. Neno lile lilinilisha miezi.

Ilikuwa Februari, jua likiwa limekaza na vilima vimekauka kahawia, muuza mayai aliporudi na uso ambao si wake. Safari hii hakuwa na maneno mengi. "Gari iko na harufu," akasema. "Kama godoro inaungua."

Makanika ndiye aliyefungua. Alitoa bolti nne, akajaribu kuinua kifuniko kikagoma, akakivuta, kikatoka na nyuzi ndefu nyeusi kama ugali mbichi. Sponji yangu ilikuwa imeyeyuka upande wa nyuma, ikamwagikia koili na nyaya, na mahali pamoja ilikuwa imeungua hadi kuwa mkaa. Kando tu ya mkaa ule, upana wa vidole vitatu, palipita mpira wa petroli. Makanika alipima umbali ule kwa vidole vyake akanionyesha.

"Hii ingewasha," akasema.

"Kuwasha nini?" nikauliza kijinga.

"Gari. Na mwenye gari."

Aliniambia taratibu, bila kunifokea, na heri angenifokea. Ile sponji ya kiwandani niliyokwangua ilikuwa imetengenezwa kuvumilia moto. Ya godoro imetengenezwa kulaliwa. Nikamuuliza kama nikitoa sponji peke yake kifuniko kinaweza kubaki, naye akatikisa kichwa. Bila sponji kitashuka kilalie mipira inayopata moto, kwa kuwa hakikukatwa kwa gari hilo. Vitoke vyote. Nikamuuliza mbona hakuniambia, aliponiona nikibandika. Akafuta mikono kwa muda mrefu. "Nilionelea ni kazi yako," akasema. "Sikutaka kukuingilia."

Niligeuka nikatazama ukuta. Patani nane.

Nilianza siku ile ile, na sitaki kuzunguka: nilianza na wageni. Niliwapigia simu wote nikawaambia wasiendeshe, nije niwatolee mimi mwenyewe. Wengine walikuja uwanjani, wengine niliwafuata. Nilibeba spana namba kumi, kisu cha kukwangulia na kitambaa kwenye kyondo, kikapu changu cha mkonge, na nilitembea mpaka nyayo zikawaka. Kila mahali nilirudia maneno yaleyale: nimekosea, hii ni hatari, naomba nikitoe. Kukiri kosa mara moja ni jambo la kumaliza na kulala. Kulikiri mlango baada ya mlango, mbele ya wake na watoto na walinzi wa lango, kunakumaliza wewe.

Mfanyabiashara wa mbuzi alikuwa njia ya Konza kutazama mifugo, nikamfuata huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita mtu alete chai, akasimama juani karibu nami muda wote nilipokwangua. "Mama, Mungu amekuleta mapema," akasema. Nilitamani wote wangekuwa kama yeye.

Yule wa Syokimau alinipokea kwa kunung'unika, nyuma ya lango lenye maua. "Lakini madhe, si hiyo ndio inafanya gari ikae poa? Wasee wakiona hii injini hivi watanicheka."

"Watakucheka ukiwa hai," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka na adabu zangu zilikuwa zimeisha njiani.

Alicheka, akafungua boneti. Chini ya kifuniko chake sponji ilikuwa haijaungua bado, ilikuwa imegeuka manjano tu na kunuka. Akainusa. Akaacha kucheka na kunishikia tochi ya simu mpaka nikamaliza.

Kwa siku tisa nilitoa vifuniko saba. Makanika alihesabu patani nilizochana na kutupa, akaona moja imebaki msumarini. Hakuuliza ni ya nani, maana alijua kusoma.

Kaka nilimpigia simu mara mbili katika siku hizo tisa. Najua mtu atakayesoma hapa atasema: sentensi moja tu, mama, "usiendeshe gari," maneno mawili. Nilikuwa nayo mdomoni. Mara ya kwanza aliniuliza habari za mbaazi, kama huku zimepona na wadudu. Tukazungumza mbaazi. Mara ya pili aliniambia kwamba Jumapili iliyopita mwalimu mwenzake amenunua gari, na kwamba alimfungulia boneti amwonyeshe kazi yangu, na kwamba yule mwalimu ameomba nambari yangu. "Nilimwambia ni dada yangu alitengeneza kwa mkono," akasema kaka yangu, mtu ambaye kwa miaka ishirini alisema nafanya biashara. Nikasema asante. Nikamsalimia mkewe. Nikakata simu, nikakaa kwenye kiti cha gari la mtu katikati ya uwanja na kujiona mchafu.

Nilijidanganya kwamba njia yake ni fupi, kwamba gari halipati moto sana kutoka nyumbani hadi shuleni. Nilijiambia safu mbili ni nene, huenda zinachelewa kushika. Upuuzi mtupu. Safu mbili ni kuni mara mbili, na mimi ndiye niliyezipanga. Kila asubuhi saa moja kasorobo nilijua mahali walipo: babu mbele, watoto wawili nyuma na mabegi yao, na sponji yangu. Saa hizo mimi nilikuwa nakunywa chai. Lakini bado sikusema, kwa sababu nilijua nikisema nitarudi kuwa yule wa biashara. Sina namna nzuri ya kuliweka jambo hilo. Nilithamini sifa ya kaka yangu siku tisa kuliko wajukuu wake.

Jumapili nilivaa vizuri, nikatia spana kwenye mkoba wa kanisani, nikaenda Masii. Nilipanga kumchukua kando baada ya ibada. Nilijipangia hata maneno.

Ibada ilipokwisha nilichelewa kutoka, wazee wakinisalimia, na nilipofika nje nikakuta nimeshachelewa. Probox nyeupe ilikuwa imesimama kando ya ile ya mwalimu mwenzake, boneti zote mbili juu. Wanaume kama saba hivi walikuwa wamezunguka, na wanakwaya nyuma yao wakiwa bado na mavazi yao. Ya mwalimu ilikuwa na nyaya na vumbi. Ya kaka yangu ilikuwa na kazi yangu. Wajukuu wawili walikuwa wameketi kwenye bampa wakila mandazi.

"Huyu hapa!" kaka akaita aliponiona. "Njoo, mwanaa mwaitu. Njoo waone fundi." Akanishika bega akanisogeza mbele. "Huyu ni dada yangu wa kufuatana. Ni fundi wa magari. Ameanza na viti miaka mingi, peke yake, hakuna mtu alimfundisha. Angalieni hii. Hii alitoa kwa gari ingine kabisa akaifanya ikubali hii."

Alisema fundi. Mbele ya kanisa. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu nina nywele nyeusi, na lilipokuja nilitaka ardhi ipasuke.

"Funga boneti," nikasema kwa sauti ndogo.

"Waache waone."

"Basi isifungwe. Toeni hao watoto hapo." Sauti yangu haikuwa ndogo tena. Wadogo wale walishuka kwenye bampa bila kuambiwa mara mbili. "Hiyo kitu nimeharibu. Nimeweka sponji ya godoro chini yake na inayeyuka kwa moto. Nimetoa kwa magari saba. Moja ilikuwa imeanza kuungua kando ya petroli. Yako ndio imebaki. Nimejua siku tisa na sijakwambia."

Nilitoa spana, nikainama na nguo yangu ya Jumapili juu ya injini, nikafungua bolti moja baada ya nyingine. Nikaangusha washa mbili, zikapotelea ndani. Kifuniko kiligoma kutoka. Nikakivuta kwa mikono yote miwili.

Safu ya chini haikuwapo tena. Ilikuwa imekuwa lami. Ile ya juu ilikuwa na shimo la ukubwa wa sahani ya chai, kingo zake nyeusi, na shimo lilikuwa limefika kwenye plastiki na kuivimbisha. Harufu ilitoka hapo hapo mbele ya kila mtu. Mama mmoja wa kwaya akaziba pua kwa kitambaa.

Nilikiweka kifuniko chini kwenye nyasi, kichwa chini, wote waone. Nilimgeukia kaka yangu nikangoja. Nilikuwa tayari kwa chochote: anitukane, aniulize nilikuwa nasoma nini hicho kidato cha pili, aniambie nirudi kwenye biashara. Nafikiri nilikuwa nalitaka hilo.

Alikuwa anatazama chini kwenye nyasi. Akavua miwani.

"Nilikuwa nasikia harufu," akasema.

Sikumwelewa. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Kupanda kile kilima cha mtoni hasa." Alizungumza polepole, na sasa kwa Kikamba, ili tubaki wawili katikati ya wale watu. "Nilidhani itaisha. Halafu ikawa haiishi. Nilifikiria nipeleke kwa makanika wa hapa atazame, lakini angefungua, angeona ni wewe. Nikasema, mtu hajawahi kupokea kitu kutoka kwa dada yake, siku anapokea anakirudisha? Nikawa nafungua madirisha."

"Watoto wakiwa ndani?"

Mikono yake, ambayo ilishika chaki miaka thelathini na kitu, ilikuwa inageuza ile miwani huku na huku.

Nilimkasirikia. Naandika hivi ili ijulikane: nilimkasirikia kaka yangu mbele ya kanisa lake kwa kosa langu mwenyewe, nikataka kumpiga kwa ile spana. Yeye alinyamaza ili asinivunje moyo, mimi nilinyamaza ili nisivunjwe, na kati yetu sisi watu wazima wawili wenye adabu nyingi, hawa wawili walipanda gari lile kila asubuhi.

Mkubwa alikuwa amesimama karibu, andazi mkononi, akitazama lile shimo jeusi kwenye nyasi. Nilichuchumaa mpaka uso wangu ukawa sawa na wake. Magoti yakalia.

"Na nyinyi," nikamuuliza, "mlikuwa mnasikia harufu huko nyuma?"

Alimtazama babu yake kwanza, kuona kama anaruhusiwa. Kisha akaniangalia mimi na akaitikia kwa kichwa.

"Kila siku, susu," akasema. Susu ni nyanya. "Huyu mdogo anatapikanga. Lakini babu alisema ukikuja tusikuambie, utalia."